Hesabu za GRE na Sisi Tulioambiwa Hatuzijui

Kila ninapotaja GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili Marekani, mbele ya watu wenye shahada zao hapa Mbeya, jibu huwa liko tayari: "Mimi hesabu niliachana nazo kidato cha nne." Mwalimu wa Historia atasema hivyo, afisa maendeleo ya jamii atasema hivyo, na nesi ambaye kila zamu anapiga hesabu ya dozi ya mtoto kwa kilo za uzito wake naye atasema hivyohivyo. Mazungumzo yanaishia hapo. Masomo ya uzamili Marekani yanabaki kuwa ya waliosoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), na fomu ya maombi haifunguliwi kabisa.

Kauli hiyo inaniuma, kwa sababu nimekaa na maswali haya muda wa kutosha kujua kwamba hayamfukuzi mtu wa HGL, yaani aliyesoma Historia, Jiografia na Kiingereza. Kikundi chetu cha kujiandaa na mtihani hukutana Jumamosi mchana, mtaa wa Soweto hapa Mbeya, kwenye chumba cha nyuma cha steshenari ya mwenzetu mmoja. Tupo watu wa kilimo, mimi nikiwa mmojawapo, yupo nesi, yupo mwalimu wa Jiografia anayepanda Coaster kutoka Tukuyu, na yupo kijana wa benki anayewania shule ya biashara. Shuleni hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa akiitwa ubaoni kufundisha wenzake hesabu. Tunachofanya ni kuchukua swali moja moja na kulikalia mpaka lifunguke.

Kwa asiyeufahamu mtihani wenyewe: GRE hutungwa na ETS, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1947. Tangu Septemba 2023 umefupishwa, na sasa wote unachukua saa moja na dakika 58. Upande wa hesabu una sehemu mbili. Ya kwanza ina maswali 12 kwa dakika 21, ya pili ina maswali 15 kwa dakika 26, na alama zinaanzia 130 hadi 170. Sehemu ya pili inategemea ulivyofanya ya kwanza: ukifanya vizuri yale 12, unaletewa 15 yaliyo magumu zaidi, na huko ndiko ziliko alama za juu. Jibu lisilo sahihi halikukati alama, kwa hiyo usiache swali lolote wazi, hata kama umebakiwa na sekunde tano.

Sasa njoo kwenye yaliyomo, maana hapa ndipo hofu inapoanzia. Kuna namba na tabia zake, yaani shufwa na witiri, namba tasa, vigawo, sehemu, asilimia na uwiano. Kuna aljebra ya milinganyo na vipeo. Kuna jiometri ya pembetatu, duara na mstari kwenye grafu. Kuna takwimu na uwezekano. Basi. Trigonometria haimo. Kalkulasi haimo. Matriksi, vekta, logariti na ile mada ya Dunia kama tufe iliyotutoa jasho kidato cha tatu, zote unaziweka pembeni. Mtu aliyeacha hesabu kidato cha nne amekwisha kutana na karibu kila kitu kinachoulizwa. Kigeni kwake ni vitu viwili vitatu ambavyo kwetu huja kidato cha tano na cha sita: njia za kupanga na kuchagua, kipimo cha namna namba zinavyotawanyika kuuzunguka wastani, na yale mazungumzo ya mgawanyo wenye umbo la kengele. Hayo yanajifunzika kwa wiki chache za jioni.

Kwa nini basi watu wanaotoka vyuoni na shahada nzuri huketi mbele ya maswali haya na kukwama? Nimeliangalia sana hili kwenye kikundi chetu, na jibu langu ni kwamba tunakwamishwa na kitu kizuri tulichofundishwa. Mtihani wa taifa wa Hisabati unakutaka uonyeshe kazi yako yote. Mwalimu anasahihisha njia, anakupa alama ya hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata kama mwisho umejumlisha vibaya. Kwa hiyo tukiona swali tu, mkono unaanza kuandika: tuseme x, mlinganyo wa kwanza, mlinganyo wa pili, zidisha, hamisha. GRE haioni kazi yako. Kompyuta inaona kitufe ulichobonyeza, na kwa kila swali una dakika moja na sekunde 45 hivi. Anayeanza kukokotoa kabla ya kutazama anamaliza muda akiwa na karatasi nzuri ambayo hakuna atakayeisoma.

Chukua aina ya maswali ambayo sisi hatujawahi kuiona popote, ya kulinganisha. Unapewa Kiasi A na Kiasi B. Huulizwi kila kimoja ni ngapi. Unaulizwa kipi kikubwa, na majibu ni yaleyale manne siku zote: A ni kikubwa, B ni kikubwa, vinalingana, au taarifa ulizopewa hazitoshi kujua. Jumamosi moja niliandika ubaoni:

Kiasi A: 2³⁰ − 2²⁹
Kiasi B: 2²⁹

Kijana wa benki akakimbilia kalkuleta ya simu. Nikamwambia mtihani una kalkuleta yake kwenye skrini, ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kipeuo cha pili, lakini inaonyesha tarakimu nane tu. Namba ya kwanza hapo ina tarakimu kumi, ya pili ina tisa. Kalkuleta itakuandikia kwamba imeshindwa. Nesi alikuwa kimya, anatazama. Halafu akasema, "Kaka, 2³⁰ si ni 2²⁹ mbili? Ukitoa moja inabaki moja." Vinalingana. Hakushika kalamu. Mtunzi alilenga macho ya namna hiyo, na nesi huyu ndiye aliyekuja kwetu akisema hesabu si zake.

Au hili, ambalo naliona ndilo swali la kumfundishia mtu tabia yote ya mtihani:

x si sifuri.
Kiasi A: x²
Kiasi B: x³

Watu wengi huweka 2, wanapata 4 na 8, wanachagua B na kuendelea na safari. Weka nusu. Unapata robo na moja ya nane, na sasa A ndicho kikubwa. Weka 1, vinalingana. Weka hasi yoyote, A kinashinda tena. Jibu ni kwamba taarifa hazitoshi. Kwenye kikundi tuna desturi ya kuzipitia namba kwa zamu kabla ya kuamini chochote: sifuri kama inaruhusiwa, moja, sehemu iliyo kati ya sifuri na moja, hasi, halafu namba kubwa. Ukipata majibu mawili yanayopingana, umemaliza, huna haja ya kujaribu la tatu. Muda unaouokoa hapo utauhitaji kwenye grafu.

Na angalia mtunzi anachokificha. Akisema "namba kamili", hasi zimo na sifuri imo. Akisema "chanya", sifuri haimo. Akisema "namba" tu, bila kitu kingine, basi nusu imo, kipeuo cha pili cha 2 kimo, kila kitu kimo. Nani alisema x ni namba ya kuhesabia ng'ombe? Hakuna aliyesema. Ni sisi tumejisemea. Pia michoro ya jiometri kwenye GRE si lazima iwe imechorwa kwa vipimo. Pembe inayoonekana kama mraba wa ukuta inaweza kuwa nyuzi 85, na usipoandikiwa kwamba ni 90, huna haki ya kuichukua kama 90. Grafu na majedwali ya takwimu, hayo unaweza kuyaamini kwa macho yako.

Asilimia ndizo nitakazokaa nazo zaidi, kwa sababu zinarudi kila mahali na kwa sababu sisi watu wa Nyanda za Juu tunaishi ndani yake bila kuzikamata vizuri. Mfano wangu ni lumbesa. Kila mkulima wa viazi kuanzia Uporoto hadi Njombe anaijua: gunia la kilo 100 linajazwa mpaka mdomoni, halafu linashonewa kichwa cha juu kwa kamba, na mnunuzi analipa bei ya gunia. Imepigwa marufuku mara nyingi na bado inapakiwa. Tuseme lumbesa imebeba kilo 130 na imelipwa kwa bei ya kilo 100, shilingi 65,000. Mkulima amenyang'anywa asilimia ngapi ya viazi vyake?

Nilipouliza hivyo, chumba kizima kilisema 30. Kilo 30 zimezidi, kwa hiyo asilimia 30. Lakini asilimia 30 ya nini? Ni asilimia 30 ya gunia halali. Swali limeuliza asilimia ya viazi vyake, navyo ni kilo 130. Gawa 30 kwa 130, unapata takriban asilimia 23. Angalia sasa upande wa bei. Kwa gunia halali kilo moja ni shilingi 650. Kwa lumbesa, 65,000 kwa kilo 130, kilo moja ni 500. Bei imeshuka kwa 150 kutoka 650, ambayo ni asilimia 23 ileile. Na ukitaka mkulima alipwe haki yake kwa lumbesa hiyo, malipo yapande kutoka 65,000 hadi 84,500, nyongeza ya asilimia 30. Kwa hiyo 30 na 23 zote ni za kweli, kila moja ikijibu swali lake. GRE itakuwekea zote mbili kwenye orodha ya majibu, kwa makusudi kabisa, na aliyesoma upesi atabonyeza ya kwanza anayoitambua.

Mwalimu wa Jiografia alikaa na hesabu hiyo muda mrefu. Kwao Rungwe wanalima viazi. Alichosema ni kwamba miaka yote wamekuwa wakilalamika kwamba lumbesa inawaumiza bila kuwa na namba ya kumwekea dalali mezani. Mimi sidai kwamba mtihani wa Marekani uliandikwa kwa ajili ya mkulima wa Uporoto. Lakini swali "asilimia ya nini?" ukilizoea, halikuachi likiwa mtihanini tu.

Ndugu yake ni swali la kupanda na kushuka. Bei ya kitu imepanda kwa asilimia 25, halafu imeshuka kwa asilimia 25. Imerudi ilipoanzia? Anza na 40,000. Ikipanda inakuwa 50,000. Robo ya 50,000 ni 12,500, kwa hiyo inashuka hadi 37,500. Haikurudi, imepungua kwa asilimia 6.25. Kuirudisha 40,000 ilitakiwa ishuke kwa asilimia 20 tu. Sababu ni ileile: robo ya pili ilichukuliwa kwenye kitu kikubwa zaidi kuliko ya kwanza. Asiyepewa namba ya kuanzia ajipe mwenyewe, na kwa asilimia namba nzuri karibu siku zote ni 100.

Kujipa namba ni ruhusa ambayo shule haikutupa. Hili hapa la Kitonga. Basi linapanda mlima kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, linashuka njia ileile kwa kilomita 60 kwa saa. Mwendo wake wa wastani kwa safari yote ni upi? Jibu la haraka ni 40, na 40 utaikuta imekaa pale kwenye majibu ikikusubiri. Umbali haujatajwa, ndipo watu wanaanza kuandika d juu ya 20, d juu ya 60, na kupotea katika sehemu. Wewe chagua umbali unaogawanyika vizuri kwa namba zote mbili: kilomita 60. Mlima haufiki huko, lakini jibu halitegemei urefu wake. Kupanda saa tatu, kushuka saa moja. Kilomita 120 kwa saa nne ni 30. Basi limetumia muda mwingi zaidi likitambaa, kwa hiyo wastani unavutwa kuelekea mwendo mdogo. Aliyewahi kukaa nyuma ya malori ya mizigo Kitonga anaweza hata kabla ya kukokotoa kukataa 40, kwa kuwa anajua sehemu kubwa ya muda ilikwenda wapi. Kukataa namna hiyo ni hesabu pia, na kwenye mtihani wa kuchagua majibu kuna uzito mkubwa: ukiondoa mawili kati ya matano kwa kutazama tu, umeshasogea.

Maswali ya kazi ya pamoja hayana haja ya maneno mengi. Mashine moja inasaga mahindi yote kwa saa sita, nyingine kwa saa tatu. Kwa saa moja, ya kwanza inamaliza sehemu moja ya sita, ya pili sehemu mbili za sita. Zikiwashwa pamoja ni nusu kwa saa, kwa hiyo saa mbili. Jumlisha kasi, usijumlishe muda.

Uwezekano unatisha wengi, na naona ni kwa sababu unafundishwa kwa kete na karata ambazo wengi wetu hatukukua nazo. Watu wa kilimo tuna mbegu. Kila mbegu ina uwezekano wa 0.8 wa kuota, na moja haiathiri nyingine. Umeweka mbegu tatu kwenye shimo. Uwezekano wa kuota angalau moja ni upi? Ukianza kuhesabu "iote ya kwanza, ya pili isiote, ya tatu iote", utaandika mistari saba. Geuza swali: ni lini hutapata mche hata mmoja? Zikikataa zote tatu. 0.2 × 0.2 × 0.2 ni 0.008. Kilichobaki ni 0.992. Popote uonapo "angalau moja", fikiria kwanza "hakuna hata moja".

Na kile kipimo cha mtawanyiko, usikariri kanuni yake. Nadra sana utaombwa kukikokotoa. Utaulizwa kitu kama hiki: kila mwanafunzi ameongezewa alama 5, mtawanyiko umebadilikaje? Haukubadilika, maana wote wamesogea pamoja na nafasi kati yao ni ileile. Alama zote zikizidishwa kwa 2, nafasi zimezidishwa kwa 2 na mtawanyiko pia. Anayeelewa hivyo amemaliza sehemu kubwa ya mada.

Lipo jambo ambalo wakufunzi wa mtandaoni hawaligusi kwa sababu si la kwao. Maswali haya yako kwa Kiingereza, na sentensi zake zimefungwa kwa ustadi. Sisi tuliosoma hesabu za sekondari kwa Kiingereza tulizoea sentensi fupi: tafuta, rahisisha, chora. Hapa unakutana na mistari minne ya masharti, na sharti moja dogo la katikati ndilo linaloamua kila kitu. Kwenye kikundi tunafanya hivi: kabla mtu hajagusa kalamu, anasimulia swali kwa Kiswahili, kwa maneno yake, bila kutazama skrini. Akishindwa kulisimulia, hajalielewa, na hakuna kanuni itakayomwokoa.

Tulifanya hivyo na swali hili. Nesi alisimulia: "Kuna namba tano. Zote ni kamili, zote chanya, na hakuna zinazofanana. Wastani wao ni 12. Ukizipanga, ya katikati ni 15. Wanataka kubwa kabisa inaweza kufika wapi." Alipomaliza kusimulia, kazi ilikuwa imekwisha nusu. Wastani 12 kwa namba tano maana yake jumla ni 60. Ili ya mwisho iwe kubwa, nyingine zote ziwe ndogo kadiri zinavyoruhusiwa. Ya kwanza 1. Ya pili 2, kwa kuwa hazifanani. Ya tatu imewekwa, 15. Ya nne haiwezi kuwa 15, kwa hiyo 16. Jumla ya hizo ni 34, na iliyobaki ni 26. Kijana wa benki alikuwa amepata 27 kwa sababu ya nne aliiweka 15. Alijua hesabu yote. Sharti la kutofanana lilikuwa limempita, na ndiyo maana tunasimulia kwa sauti, mbele ya wenzetu, ili kinachompita mmoja kidakwe na mwingine.

Huyo kijana, kwa kuwa anataka shule ya biashara, anajiandaa pia na GMAT, mtihani wa kuombea shule za biashara, na tofauti zake afadhali zijulikane mapema. Toleo jipya lilianza Novemba 2023. Sehemu ya hesabu ina maswali 21 kwa dakika 45, haina kalkuleta, na jiometri imeondolewa. Alama za jumla zinaanzia 205 hadi 805. Shule nyingi za biashara zinapokea mtihani wowote kati ya hiyo miwili. Kwa mtu aliyezoea kupiga hesabu kichwani kaunta, GMAT haina ubaya. Kwa anayependa pembetatu na duara, GRE.

Kabla ya hayo yote, soma ukurasa wa kozi unayoiomba. Tangu miaka ya karibuni vyuo vingi vya Marekani vimeacha kudai GRE, au vimeifanya hiari. Ada yake inazidi dola 200, na hiyo kwa mshahara wa Mbeya ni fedha ya kufikiria mara mbili. Kama kozi haiutaki, nguvu zako zipeleke kwenye barua ya maelezo na kwa watakaokuandikia barua za kukupendekeza. Kama ni hiari na hesabu zako zimekaa vizuri, alama nzuri inaweza kumsemea mtu ambaye shahada yake inatoka chuo ambacho wasomaji wa maombi hawakijui. Mimi nimeamua kuufanya kwa sababu hiyo. EducationUSA, iliyo chini ya Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, hushauri waombaji bila malipo, na maswali ya namna hii ndiyo kazi yao.

Unaweza kuufanyia kituoni au nyumbani. Kituoni maana yake ni safari ya zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam na gharama za kulala. Nyumbani unahitaji kompyuta yenye kamera, intaneti isiyokatika, na chumba ambacho mlango umefungwa na hakuna atakayeingia, hata mtoto anayeleta salamu. Huruhusiwi karatasi ya kawaida ya kukokotolea. Unatumia ubao mdogo mweupe wenye kalamu inayofutika, au karatasi iliyowekwa ndani ya mfuko wa plastiki angavu na kuandikiwa juu yake kwa kalamu hiyohiyo. Jizoeze na ubao huo mapema, kwa sababu nafasi ni ndogo na unalazimika kufuta unachoendelea kukihitaji. Suala la umeme nalo lipangie. Wenzangu wawili wamekubaliana kuazima ofisi yenye jenereta siku ya Jumapili. Jina kwenye usajili lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Ukifanya na usiridhike, unaweza kurudia baada ya siku 21, hadi mara tano ndani ya miezi 12, na alama zako zinadumu miaka mitano.

Kwa anayeanza leo na amekaa miaka kumi bila kugusa hesabu, usianze na maswali ya mtihani. Yatakukatisha tamaa bure. Anza na sehemu, uwiano na asilimia mpaka uweze kusema tatu ya nane ni asilimia 37.5 bila kusita. Fuata na milinganyo na vipeo, kisha takwimu, na jiometri iwe ya mwisho kwa kuwa ina kanuni chache. ETS wameweka mapitio yao ya hisabati bure kwenye tovuti yao, ni kijitabu kirefu na kimeandikwa kwa subira. Tunakisoma sura kwa sura, tumekichapisha na kukishona kwa uzi pale pale steshenari. Yapo pia majaribio mawili kamili ya bure yanayotumia skrini ileile ya mtihani, na hayo usiyachezee. Lifungue la kwanza ukishamaliza mapitio yote, ukae saa moja na dakika 58 mfululizo, simu ikiwa chumba kingine, na la pili ulitunze kwa wiki mbili kabla ya tarehe yako.